Koramu ya Wapishi wa Kilimani

Simu ya Kulwa ilinikuta kikaoni, hapa Kambarage, Shinyanga, tumekaa kwenye viti vya plastiki tunasubiri koramu. Ni kikundi chetu cha akina mama wa mtaa, na mimi ndiye mwenyekiti, kwa sababu nimezeeka na watu wanadhani mzee hana pa kwenda. Tulitakiwa kuwa kumi na watano ndipo tuanze. Tulikuwa kumi na wanne, na wenzetu walikuwa wakiandika kwenye kundi la simu kwamba wako njiani, ilhali sote tunajua kuwa mtu wa Shinyanga akisema yuko njiani bado anatafuta viatu. Nikatoka nje kupokea. Kulwa hakuzunguka. "Mama Neema, mama ametuacha. Leo asubuhi." Nikampa pole, nikamuuliza Doto anaendeleaje, nikamuuliza mazishi ni lini. Kisha akasema lile lililonifanya nikae kwenye ngazi: "Wewe ndiye uliyekuwa katibu wao kule Kilimani. Naomba uwapigie wenzake waliobaki. Namba nilizikuta kwenye daftari lake, nakutumia." Niliporudi ndani, mtu wa kumi na tano alikuwa ameingia, na katibu wetu, binti mwenye kucha ndefu, akatangaza kwa furaha, "Mwenyekiti, koramu imetimia!" Nikawaambia nimefiwa, waendelee bila mimi. Wakanikumbusha kwa upole kwamba nikiondoka haitatimia tena. Nikaondoka.

Neno hilo, koramu, nililikuta machimboni, upande wa Geita, nikiwa na miaka ishirini. Kambi tuliiita Kilimani, ingawa kilima chenyewe kilikuwa kimechimbwa mpaka kikaanza kuwa bonde. Tangu wakati huo nimekaa kwenye nyumba nzuri, zenye dari na vigae, lakini nikifumba macho nione nyumba, ninaona lile banda la mama lishe: nguzo za miti, paa la turubai la bluu, kuta za viroba vilivyoshonwa pamoja, na nyuma yake chumba nilicholala na Mwamvua, chenye kitanda kimoja cha kamba na sanduku langu la bati. Majiko yalikuwa tisa kwa mstari, kila jiko mafiga matatu na mwanamke wake. Asubuhi tuliuza chai na mihogo, mchana ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa, kwa dagaa, jioni maharage. Wachimbaji walitoka kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, wakiwa weupe kwa vumbi hata kope, wakala bila kusema neno mpaka sahani ya pili. Katikati ya mchana na jioni, wao wakiwa wamerudi chini, wanawake walikula chakula chao wenyewe ambacho hawakumuuzia mtu: michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, au mboga chungu ya mgagani iliyotiwa maziwa. Saa tisa ile ya alasiri, moshi umetulia, kila mtu amenyoosha miguu, ndiyo ninayoitamani kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu. Nimewahi kujaribu kupika michembe hapa nyumbani ili niipate tena. Wajukuu waliila wakiangalia televisheni.

Mimi nilipika kwenye jiko la Mwamvua. Yeye alikuwa mtu wa Ujiji, amenizidi miaka kama saba, mrefu, mwenye kicheko kilichowafanya wachimbaji wasahau walichotaka kuagiza. Ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa watu arobaini. "Usipigane nao," aliniambia, "utakushinda. Ubembeleze." Kitenge chake kimoja alikikata katikati, akanipa nusu, tukawa tunavaa sare kama mapacha wasiofanana. Lakini jiko lilikuwa lake. Katiba ya kikundi ilisema jiko moja, mjumbe mmoja, na mjumbe alikuwa Mwamvua. Mimi nilikuwa katibu tu, nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, na katibu hakuhesabiwa. Kwenye vikao wajumbe walikaa kwenye vigoda kwa duara, nami nilisimama karibu na nguzo na daftari langu.

Katiba hiyo ilitungwa na Mzee Masele. Alikuwa karani wa mahakama huku Shinyanga mpaka alipostaafu, akafuata dhahabu kama wengine, akagundua kwamba mgongo wake hauingii kwenye duara, akabaki kambini akiwaandikia watu barua. Wanawake walikuwa wakigombania nafasi za kupikia hata kufikia kumwagiana maji ya moto, ndipo mkubwa wa maduara akasema wajiunge kikundi chenye katiba au waondoke. Mzee Masele akawaandikia katiba ndefu kama ya nchi, nao wakamlipa ugali wa kila siku. Kikao kila baada ya wiki mbili. Koramu, wajumbe sita. Mjumbe asiyehudhuria vikao vitatu mfululizo bila taarifa atapoteza jiko. Mama Kulwa, mwenyekiti, Msukuma wa Maswa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alilipenda lile neno koramu kuliko katiba nzima, ingawa kwake lilikuwa kolamu. "Kolamu imetimia?" alikuwa akiuliza kila kikao, hata tulipokuwa tumeshahesabiana kwa macho na kuona kwamba tupo wote.

Mzee Masele alikuwa na ugonjwa wa Kilatini. Aliupata kwa hakimu mmoja wa zamani aliyekuwa na kitabu kinene cha sheria na hamu ya kusomea watu. Siku moja alasiri, akila michembe yetu, nilimuuliza koramu maana yake nini hasa.

"Maana yake 'ambao'," akasema.

"Ambao akina nani?"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Hapo ndipo penyewe, binti." Akanieleza kwamba hapo kale mfalme wa Uingereza, akiteua mahakimu, aliandika barua kwa Kilatini. Anataja majina mengi, kisha anachagua wachache ambao baraza haliwezi kukaa bila wao, na kwa kila mmoja anaandika kwamba ni katika wale "ambao miongoni mwao twataka wewe uwe mmoja." Sentensi ilianza na hilo quorum. Watu wakachoka kuisema yote, wakabakiza neno la kwanza. Mfaransa analo, Mhispania analo, Mjerumani analo, kila mtu analitamka anavyojua, nasi tumelitia u mwishoni ili likae vizuri mdomoni. Ajenda nalo ni lao, akasema, mambo ya kutendwa. Veto, nakataza. "Hata wewe mwenyewe, Leticia, ni Kilatini. Furaha. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Mwamvua alikuwa akitusikiliza huku akipepeta unga. "Kwa hiyo wametupa nyama yote," akasema, "wakatubakizia mfupa."

Siku hizi bungeni wanasema akidi, na ni neno zuri, lakini mimi siwezi kulizoea. Kila nikisikia koramu, kwenye kikundi cha mikopo, kwenye kamati ya shule, ninasikia ile nyama iliyotupwa. Jioni ile niliiandika sentensi yote nyuma ya daftari langu: ambao miongoni mwao twataka wewe uwe mmoja. Niliisoma mara nyingi. Nilikuwa na miaka ishirini na hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno ya namna hiyo, na siku chache baadaye, nikiwa nimejilaza chumbani, nikawasikia Mama Kulwa na Mama Shija wakichambua maharage upande wa pili wa kiroba. "Huyu Leti mchapakazi," Mama Shija alisema. "Mchapakazi kweli," Mama Kulwa akajibu, "ila si wetu. Ni wa Mwamvua." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja ng'ombe wa jirani. Nililia, nikajifuta kwa kile kitenge, nikatoka nikawasha moto wa jioni.

Sasa lazima niseme habari ya miko, ile ya kusongea ugali, maana msomaji asiyepika anaweza kutucheka. Mwaka ule mwanzoni Mama Kulwa aliugua homa siku ya kikao, na bila yeye walikuwa watano. Akamtuma Doto, aliyekuwa bado mdogo wa kukimbia uchi, alete mwiko wake uwekwe kwenye kigoda chake. Mzee Masele akasimama. "Koramu ni watu. Haiwezi kuwa vijiko." Mama Shija akamjibu, "Mzee, mwiko wa mwanamke ni mwanamke. Umewahi kumwona anayeazima wake?" Hakika hakuna aliyeazima. Kila mwiko ulikuwa na umbo lake na alama zake, na mkono mmoja tu uliouzoea. Mzee akajikuna kichwa, akaniambia niandike: Mama Kulwa, yupo kwa mwiko. Tangu siku hiyo ikawa sheria, ingawa haimo kwenye katiba. Aliyeuguliwa na mtoto alituma mwiko, aliyekwenda kwao kulima aliacha mwiko, na kikao kiliendelea na kigoda chenye kipande cha mti juu yake, na ninaapa kuna siku niliona Mama Kulwa akiugeukia mwiko na kuuliza, "Na wewe unasemaje?"

Katikati ya mwaka Mwamvua akampenda mchimbaji mmoja mwenye maneno mengi. Mwanaume huyo akasikia kuna rashi, yaani dhahabu imeonekana mahali papya na watu wanamiminika, siku nzima ya safari kutoka kwetu. Mwamvua akafunga nguo zake. "Wiki mbili tu, Leti. Nikaone kama anayosema ni kweli. Litunze jiko." Nikalitunza. Nililala peke yangu kwenye kitanda cha kamba, nikaamka kabla ya jogoo, nikasonga ugali wa watu arobaini peke yangu, na kikao cha kwanza kikapita akaandikwa hayupo, na cha pili hayupo. Wateja walianza kusema "kwa Leti" badala ya "kwa Mwamvua". Nilikuwa nikimkumbuka kila siku, hilo ni kweli. Nilikuwa pia nikisikiliza jinsi "kwa Leti" inavyosikika, na hilo nalo ni kweli.

Siku ya kikao cha tatu, asubuhi, dereva wa gari la maji alisimama kwenye banda letu, akanikabidhi kitu kilichofungwa kwa kipande kilichochanwa kwenye kitenge cha Mwamvua. Nilijua ni nini kabla sijakifungua. Ulikuwa mwiko wa mninga, mpini umeungua ncha. "Dada yako amesema uupeleke kikaoni leo," dereva akasema. "Amesema ni cha tatu, wakimkosa anapoteza jiko. Mwisho wa mwezi atakuwa hapa." Nikamshukuru, nikampa chai. Nikaingia chumbani, nikaufungia mwiko kwenye sanduku la bati. Nimejiuliza miaka yote hii kama niliamua. Nakumbuka tu kwamba mikono yangu ilikuwa na unga, na kwamba nilirudi nikaendelea kusonga.

Saa tisa wakakaa. Wawili walikuwa wamekwenda kulima na hawakuacha miko, mmoja alikuwa amejifungua kwao, na Mwamvua. Walibaki watano. Na kulikuwa na jambo zito: mwanamke kutoka kambi nyingine alikuwa akilitaka jiko la Mwamvua, na mkubwa wa maduara alitaka jibu siku hiyo. Mama Kulwa akatutazama sote.

"Kuna aliyeletewa mwiko wa Mwamvua?"

Wakatikisa vichwa. Akanigeukia mimi. "Leti? Wewe ndiye unayekaa naye."

"Hapana, mayu," nikasema. Nilimwita mama kwa Kisukuma, nami si Msukuma, ili nipendeze.

Akapumua. "Basi amejiondoa mwenyewe. Jiko limebaki. Tumpe mgeni, au tumpe anayelipikia?" Wote wakasema anayelipikia. "Lakini kolamu haijatimia," akasema Mama Shija. Mama Kulwa akafikiri kidogo tu. Akavuta kigoda cha Mwamvua, akakipiga kofi. "Leti, kaa hapa. Uwe wa sita."

Mzee Masele akashtuka. "Mwenyekiti, haiwezekani. Watano hawawezi kumwingiza wa sita ili wapate sita wa kumwingiza huyo huyo."

"Mzee, usituletee mahakama. Tunamtaka. Wewe unamkataa?"

"Simkatai. Ila mimi siwezi kusimamia hilo likiandikwa."

"Hutaandika. Katibu si yupo?"

Nikakaa. Kigoda kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Nikafungua daftari mapajani, na chini ya majina matano nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Leticia, yupo. Kisha nikaandika kwamba kikao, koramu ikiwa imetimia, kimemwondoa Mwamvua kwenye orodha ya wajumbe. Mama Kulwa akanishika bega, akasema "Wabeja", ahsante, kama vile mimi ndiye niliyewafanyia wao hisani. Nilikuwa na furaha. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia vibaya, lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile nilikula mgagani nikiwa nimenyoosha miguu pamoja nao, na nilikuwa na furaha kama jina langu. Siku ya tatu nikautoa mwiko sandukuni, nikauchoma chini ya chungu cha maharage.

Mwamvua alirudi mwisho wa mwezi, kama alivyoahidi, peke yake, amekonda. Nilimwona akija kutoka barabarani akaniona nimeinama kwenye mafiga. Walimweleza. Hakugombana. Alikaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akaniomba sahani. Nikampakulia ugali na dagaa, nikamwekea mwingi. Akala taratibu, wote.

"Mwiko haukufika?" akaniuliza.

"Haukufika, dada."

"Basi yule dereva. Magari haya ya maji, kila kitu yanaangusha." Dereva mwenyewe alikuwa ameshahamia machimbo mengine, hakuna wa kumuuliza. Akanawa mikono. "Ugali wako umekuwa mzuri. Heri jiko umelipata wewe, kuliko mgeni." Akanibusu kwenye paji la uso, akaniachia nusu yake ya kitenge kwa sababu alisema mimi ndiye nitakayeihitaji kwa moshi, akaondoka na gari la jioni kwenda Katoro. Nilikaa Kilimani mpaka mwaka ukaisha, nikiwa mjumbe halali, nikihudhuria vikao vyote. Saa tisa ilifika kila siku na michembe yake, na haikuwa tena saa ile. Ndiyo maana nasema saa ile niliipata mwaka mmoja tu. Hata mwaka haukufika.

Kulwa alinitumia namba sita. Nilipiga tano nikiwa nimekaa kitandani kwangu, nikalia na kila mmoja, tukacheka pia, maana Mama Kulwa hawezi kutajwa bila kicheko. Ya sita niliiacha mpaka jua likaelekea kuzama. Nikapiga.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sijakujua."

"Ni Leti. Wa Kilimani."

"Leti!" Sauti ilikuwa nzito sasa, lakini kicheko kilikuwa kile kile. "Leti wangu wewe, umejificha wapi?"

Nikampa habari ya msiba. Akasema innalillahi, kisha akaanza kunikumbusha siku Mama Kulwa alipomfukuza mchimbaji mlevi kwa sufuria. Nikamkatiza, kwa sababu nilijua nikimwacha aendelee sitasema tena.

"Dada, mwiko wako ulifika."

"Mwiko gani?"

Sikuwa nimelitegemea hilo. Ilibidi nimweleze yote, moja baada ya jingine, dereva, kitenge, sanduku, kikao, kigoda, moto, kama mtu anayesoma muhtasari. Nilipomaliza, nilisikia mafuta yakichemka upande wake. Bado anapika, niliwaza, yupo jikoni. Mafuta yakaendelea.

"Mazishi saa ngapi?" akauliza.

"Kesho saa nane. Kwake, ukitoka Geita mjini kidogo."

"Haya." Akakata.

Nilikwenda. Saa nane ilipofika nilimwomba katekista asubiri, akasubiri nusu saa, watoto wa marehemu wakanitazama, Kulwa akaniambia taratibu, "Mama Neema, tumzike mama." Tukamzika. Watu walipoanza kukaa kwa chakula nikakimbilia nyuma, jikoni, ambako wanawake walikuwa wamewasha majiko manne ya mafiga yenye masufuria makubwa, kwa sababu sikutaka kukaa na watu. Nikashika sufuria la nyama. Nilikuwa nimeinama kwenye moshi niliposikia wanawake wakiitikia salamu, nikainua uso. Mwanamke mrefu, amevaa baibui, amechelewa, anapeana mikono na Kulwa na Doto, anawakumbatia, analia nao. Kisha akapita katikati ya watu akaja moja kwa moja nyuma. Hakunisalimu. Alikunja mikono ya baibui, akakaa upande wa pili wa moto, akachota mchuzi kidogo kwenye kiganja, akaonja.

"Nani amepika hii?"

"Mimi," nikasema.

"Haina chumvi."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, macho mekundu kwa moshi au kwa jambo jingine, na watu mia wakisubiri chakula upande wa mbele.

"Unangoja nini?" akasema. "Kalete."

Nikaenda kuleta chumvi.